Mdogo wangu amekatika ncha za vidole, anataka kuuza gitaa. Huyu Tony Iommi alifanyaje?

BintiMuyeye

Asalaam aleikum wanajamvi. Naomba ushauri, na ikiwezekana uje haraka, maana mnunuzi anakuja Jumamosi.

Mdogo wangu ana miaka 22. Tunaishi Malindi, huku Muyeye. Mchana alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya samani, wanatengeneza vitanda na viti vya mahoteli. Mwisho wa wiki anapiga gitaa la solo na bendi inayozunguka hoteli za Casuarina na Watamu. Baada ya Idi msumeno wa umeme ukamkata mkono wa kushoto. Kidole cha pete na cha mwisho, ncha zote mbili zimekwenda, hadi karibu na kiungo cha kwanza. Vidonda vimefunga, alhamdulillahi, lakini gitaa amelitia mfukoni na kulisukuma chini ya kitanda. Anasema mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi, na bila vidole hivyo hana kazi nalo tena.

Mjomba wetu naye amekuja nyumbani akasema mbele ya mama kwamba hiyo ni adhabu. Huyu kijana, ukitoa zile nyimbo za watalii anazopiga kwa ajili ya riziki, anachokipenda hasa ni hevi metali. Chumbani ana picha ya bendi ya Black Sabbath ukutani. Mjomba alielezwa maana ya jina hilo, Sabato Nyeusi, na tangu siku hiyo kwake ni muziki wa shetani, basi. Mama hajasema kitu. Wanaomjua mama yangu wanajua akinyamaza hivyo amekwisha kukubaliana na kakake.

Halafu kuna mzee mmoja Mtaliano, mteja wa ile karakana, alikuja kumjulia hali. Akamkumbusha kwamba mpiga gitaa wa hao hao Black Sabbath, Tony Iommi, alikatwa vidole na mashine kazini akiwa kijana, na akapiga gitaa maisha yake yote. Mdogo wangu akamjibu: najua, lakini yule alikuwa Mzungu mwenye pesa na madaktari.

Mimi muziki huo siujui kabisa. Ninachotaka kujua ni hiki: ni kweli alikuwa na pesa? Alifanya nini hasa, ambacho mtu wa Malindi anaweza kukifanya? Na je, nimwache auze?

MzeeWaBarani

Pole mwanangu. Gitaa lisiuzwe Jumamosi. Si kwamba lisiuzwe kamwe, lakini mtu aliyetoka hospitali juzi hauzi kitu cha thamani. Mwambie mnunuzi mgonjwa bado hajapona, arudi baadaye. Hakuna atakayekulaumu.

ChumaLangoni

Dada, poleni nyumba nzima. Mimi ni wa Lamu, Langoni, na muziki huu nimekua nao kupitia kaseti za binamu yangu aliyekuwa baharia. Nitakueleza kwa urefu, na nakuomba umsomee mdogo wako au umpe simu asome mwenyewe, kwa sababu hapo kwenye pesa amekosea, na kosa hilo ndilo linalomkatisha tamaa.

Iommi alizaliwa tarehe 19 Februari 1948 Birmingham, mji wa viwanda Uingereza, mtoto pekee wa wazazi wenye asili ya Italia. Walikuwa na duka dogo mtaa wa Aston, mtaa wa watu wa kazi. Alitamani ngoma, lakini nani atavumilia kelele hizo ndani ya nyumba? Akaangukia gitaa. Ni mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo kwake mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Alipomaliza shule akaingia viwandani kama vijana wote wa mtaa ule.

Akiwa na miaka 17 alikuwa kwenye kiwanda cha mabati. Alikuwa amepata bendi ya kwenda kupiga Ulaya, ameshaaga kazi, na ile ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Mchana akaenda nyumbani kula, akamwambia mama yake harudi tena. Mama akamwambia kazi humalizwa, rudi. Akarudi. Mtu aliyekuwa akiendesha mashine ya hatua ya kabla yake hakuja siku hiyo, wakamweka Iommi kwenye mashine ambayo hajawahi kuishika. Ikashuka juu ya mkono wa kulia, naye kwa mshtuko akauvuta. Ncha za kidole cha kati na cha pete zikabaki mle ndani.

Hospitali walimwambia asahau gitaa. Sasa hebu mwambie mdogo wako anioneshe pesa ziko wapi hapo. Mtoto wa duka, kibarua wa kiwandani, hana bendi, na safari ya Ulaya imekufa.

Akakaa nyumbani amenuna. Aliyemtoa hapo ni meneja wa kiwanda. Alimletea sahani ya santuri akamwambia sikiliza. Iommi hakutaka, kusikia mtu mwingine anapiga gitaa wakati ule kulikuwa kunamuuma. Yule bwana akashikilia. Alipokwisha kusikiliza na kukiri kwamba mpigaji ni hodari, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo anapiga solo kwa vidole viwili tu.

Mpigaji mwenyewe alikuwa Django Reinhardt, mzaliwa wa Ubelgiji mwaka 1910, wa jamii ya Waroma waliokuwa wakiishi katika magari ya kukokotwa. Mwaka 1928 gari lake lilishika moto, akaungua vibaya. Mkono wa kushoto, kidole cha pete na cha mwisho vikakakamaa. Dada, soma tena: mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho. Ni vidole vile vile vya mdogo wako! Na Django akawa mpiga gitaa wa jazi ambaye Ulaya nzima ilimfuata.

BintiMuyeye

Subhanallah. Nimesoma mara mbili. Lakini Iommi alibanaje nyuzi? Huyu wetu akigusa uzi kwa kigutu anaruka kwa maumivu.

ChumaLangoni

Alijitengenezea subana. Alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akaifinyanga kidonge, na ilipopoa akatoboa shimo kwa chuma cha kulehemu chenye moto mpaka kidole kikaingia. Kisha msasa, saa baada ya saa, kuipunguza ifanane na ncha ya kidole. Akajaribu kwenye gitaa: plastiki inateleza, haishiki uzi. Akajaribu vitu vingine juu yake, na mwisho akakata kipande cha ngozi kwenye koti lake kuukuu, akakibandika kwa gundi, akakisugua mpaka kikawa kigumu na laini kwa wakati mmoja. Hapo uzi ukashikika.

Kila kitu hapo kinapatikana Malindi. Hakuna daktari katika hadithi hiyo. Miaka ya baadaye ndiyo hospitali ikaanza kumtengenezea subana nzuri zaidi, lakini ngozi juu yake aliendelea kuipachika mwenyewe.

Subana ilimtatulia nusu ya shida. Kwa kuwa hausikii uzi kupitia plastiki, unabana kupita kiasi bila kujua, na nyuzi za wakati ule zilikuwa nene na ngumu. Akaenda kwa watengenezaji kuomba nyuzi nyembamba, wakamjibu hakuna atakayezinunua. Basi akachukua nyuzi za banjo, ambazo ni nyembamba, akazifunga pale kwenye nafasi za sauti ya juu na kuzisogeza zile nyingine. Baadaye akalegeza gitaa zima. Kwenye albamu yao ya tatu, Master of Reality ya 1971, nyimbo kadhaa gitaa limeshushwa nusu-toni tatu chini ya kawaida. Uzi ukilegea unabanika kwa nguvu kidogo, na pia sauti inashuka, inakuwa nzito, ya kutisha. Besi ikashushwa pia ilingane naye.

Hapo ndipo nataka mdogo wako atulie asome polepole. Sauti ile anayoipenda, ule uzito wenyewe, umetoka kwa sehemu kubwa kwenye mkono uliokatwa. Kwa kuwa baadhi ya mishiko ya kawaida ya vidole vinne ilikuwa imemshinda, alibana nyuzi mbili tatu, akazipigisha kwa nguvu, akazijaza kwa amplifaya. Leo hii vijana wenye vidole kumi vizima wanalegeza gitaa zao ili wasikike hivyo.

KaziKwanza

Kwa heshima zote, mnamjaza kijana ndoto. Kwa kila Iommi mmoja kuna mia waliokatika vidole na mambo yakaishia hapo. Ana miaka 22, amepoteza kazi, mama anamtegemea. Bei ya gitaa itamnunulia vifaa vya kuanzia kazi nyingine. Muziki wa hoteli una msimu, watalii wakikosekana hakuna kitu. Na mbona hakuna aliyeuliza habari ya fidia?

BintiMuyeye

Kaka KaziKwanza, sikasiriki, nami nimewaza hivyo hivyo usiku. Fidia mwenye karakana alilipa bili ya hospitali akasema yamekwisha.

KaziKwanza

Hayajakwisha dada. Bili ya hospitali ni mlango mmoja na fidia ya ulemavu wa kudumu ni mwingine. Ipo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, wengi wanaiita WIBA. Mwajiri anatakiwa apeleke taarifa ya ajali kwa ofisi ya usalama na afya kazini ndani ya siku 7, na madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Daktari anajaza fomu kueleza ulemavu ni asilimia ngapi, na kiasi kinapigwa kutokana na mishahara ya miezi 96. Hata kama hakuwa na barua ya kuajiriwa, atafute mashahidi wa pale kazini na rekodi za malipo ya simu. Muda wake haujapita. Afuatilie hilo kwanza, halafu ndipo tuongee kama kuna haja ya kuuza kitu chochote.

MzeeWaBarani

Sasa hapo KaziKwanza umenena. Dada, chukua hilo.

FizioPwani

Habari dada. Kazi yangu ni tiba ya viungo, naomba niseme kuhusu hilo la kuruka kwa maumivu kabla hamjaenda kuyeyusha chupa.

Neva zikikatwa, ncha ya kigutu huwa kali sana miezi ya mwanzo. Kuna njia ya kuizoesha na haina gharama. Aanze na pamba, aisugue taratibu juu ya kigutu dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Akizoea, kitambaa laini. Kisha taulo. Kisha atie vidole kwenye bakuli la mchele mkavu, avizungushe humo. Asiruke hatua, na asiache kwa sababu siku ya kwanza imeuma. Kiungo kilichobaki nacho akikunje na kukinyosha kila siku kisije kikakakamaa, maana kikikakamaa hata subana ya dhahabu haitamsaidia. Wiki zikipita na bado anahisi kama umeme ukigusa sehemu moja tu, arudi kwa daktari wa upasuaji: huenda neva imefanya kinundu na kinatibika.

Kuhusu plastiki ya moto: asijaribishe subana ikiwa bado ina joto. Ngozi mpya haihisi vizuri, ataungua bila kujua. Siku hizi kuna vifuniko vya silikoni vya vidole, vinauzwa kwenye maduka ya dawa kwa watu wenye vidonda vya vidole. Aanze na hivyo, abandike ngozi juu kama alivyofanya huyo bwana.

Na kuna jambo nimelipenda kwenye hadithi hiyo, ni kweli kitabibu. Mtu asiyehisi uzi anajifunza upya kwa sikio na jicho. Vidole haviwezi tena kumwambia amefika wapi, sikio ndilo linamwambia. Inachukua muda mrefu na inachosha. Asijipime kwa wiki ya kwanza.

AbuSwabra

Wa aleikumu salaam. Mimi si mufti, ni mwalimu wa chuo tu hapa Lamu, na ukweli ni kwamba muziki mimi siusikilizi. Wanazuoni wameutaja sana na kila mmoja anajua rai anayoifuata. Hilo naliacha.

Lakini la adhabu siwezi kuliacha. Kijana alikuwa kwenye mashine akitafuta riziki ya halali. Kusema kwa yakini kwamba Mwenyezi Mungu amemwadhibu kwa jambo fulani ni kuisemea ghaibu, na hakuna kati yetu aliyefunuliwa. Tulichofundishwa ni kwamba Muislamu hapatwi na taabu, maradhi wala huzuni, hata mwiba ukimchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwayo baadhi ya makosa yake. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Basi aliyeumia hukaliwa karibu na kuombewa, wala hasomewi mashtaka mbele ya mama yake.

Mjomba ni mkubwa, msimjibu kwa ukali. Mtafuteni mtu wa rika lake anayemheshimu aongee naye pembeni, baada ya swala, bila kijana kuwepo. Nina swali kwa ndugu ChumaLangoni: hao watu wanasema nini hasa kwenye nyimbo zao? Maana tukimtetea kijana tuwe tunajua tunachokitetea.

ChumaLangoni

Swali zuri ustadh, nami sitakuficha kitu.

Jina lilitoka kwenye filamu ya kutisha ya 1963, ya mwongozaji Mtaliano Mario Bava. Wao wakati ule walikuwa wakiitwa Earth na kumbe kuna bendi nyingine yenye jina hilo hilo. Waliona watu wanapanga foleni kulipa pesa ili watishwe, wakasema basi tufanye muziki wa kutisha. Wimbo wenye jina lao una noti tatu tu za gitaa, na ya tatu iko mahali ambapo sikio linakosa raha. Ni umbali wa sauti ambao Ulaya ya zamani iliupa jina la ibilisi. Maneno yake ni ya mtu anayeona kivuli cheusi mbele yake na kumlilia Mungu amsaidie. Hamwiti shetani, anamkimbia.

Maneno mengi aliyaandika mpiga besi, Geezer Butler, aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki. War Pigs ya 1970 inawasema majenerali na wanasiasa wanaoanzisha vita halafu wanapeleka watoto wa maskini wakafe, na mwisho wake ni siku ya hukumu. After Forever ya 1971 inawauliza wanaomdhihaki Mungu watafanyaje roho ikitoka. Ile misalaba waliyovaa shingoni, ya kwanza aliifua babake mwimbaji wao Ozzy Osbourne, fundi wa kiwandani, kwa alumini. Wanamuziki hao hawakuwa watu wa dini, ulevi na dawa za kulevya viliwaharibu sana na Iommi mwenyewe amekiri hivyo. Lakini kuabudu shetani, hapana.

AbuSwabra

Shukran kwa kusema yote, la kupendeza na lisilopendeza. Hilo la ulevi mdogo wetu asiliige.

RishaYaUdi

Hodi hodi. Mimi napiga udi kwenye harusi, Lamu na visiwani, na hevi metali sijawahi kuipiga. Ila nimevutwa na hili la kulegeza nyuzi.

Sisi tunashusha udi kila siku kwa ajili ya mwimbaji. Sauti ya mwimbaji ikiwa chini, ala inamfuata, ndivyo kazi inavyokwenda. Hakuna anayesema udi umeharibika. Iommi aliifanyia mkono wake yale tunayoifanyia koo ya mwimbaji. Nahodha akiona upepo umezidi hupunguza tanga, hamlaumu mbeba tanga.

Mwambie mdogo wako amsikilize marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, jinsi anavyokaa juu ya noti moja bila haraka. Kasi ya vidole imepungua, sawa. Lakini pale mtu anapoacha nafasi kati ya noti na noti, hapo hapahitaji vidole vinne. Nimefungua wimbo mmoja wa huyo Iommi baada ya kusoma hapa, na naye hana haraka kabisa. Kipande kifupi kimoja, anakirudia, anakirudia, mpaka kinaingia kifuani. Nilikuwa nikidhani muziki ule ni vurugu tu.

Na kaka KaziKwanza, si lazima awe maarufu. Mimi si maarufu na watoto wangu wanakula.

MamaKofia

Nashona kofia, Mkomani. Subana za ngozi nazijua, mimi mwenyewe natumia. Ngozi ya mbuzi iliyolainishwa ni bora kuliko ya koti, ni nyembamba na haitelezi. Iloweshwe, ivutwe juu ya kifuniko ikiwa mbichi, ifungwe kwa uzi mpaka ikauke, ndipo itiwe gundi. Itachukua umbo lenyewe. Nitumie vipimo vya vidole kwa faragha dada, nitamshonea mbili na sitaki malipo.

BintiMuyeye

Jamani nimelia. Nimempa simu akasoma uzi wote. Alipofika kwa Django akaomba kumsikiliza, tukamsikiliza pamoja, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Huyu anatumia cha shahada na cha kati, na mimi hivyo ninavyo." Ni mara ya kwanza kuzungumzia vidole alivyobaki navyo.

Ana maswali ameniambia niandike. Moja: Iommi hakufikiria kugeuza gitaa, apige kwa mkono mwingine? Mbili: ilimchukua muda gani kurudi jukwaani? Tatu: alidumu kweli, au alipiga miaka michache akaacha?

ChumaLangoni

La kwanza: alilifikiria, lakini alikuwa ameshapiga miaka kadhaa na hakuwa na subira ya kuanza tena alifu kwa ujiti. Mdogo wako akitaka kujaribu hakuna ubaya, lakini ana vidole viwili vizima na gumba pale pale kushoto, sioni sababu ya kukimbilia huko.

La pili: ajali ilitokea akiwa na miaka 17. Kufikia 1968 yuko na Ozzy, Geezer na mpiga ngoma Bill Ward, wote vijana wa Aston. Mwisho wa mwaka huo huo alichukuliwa kwa muda mfupi na Jethro Tull, bendi kubwa kuliko yao, na kilichomshangaza huko ni nidhamu: wanafika mazoezini asubuhi, kila siku, kama kazi. Akarudi Birmingham akawaamsha wenzake nao asubuhi. Oktoba 1969 wakaingia studio London, albamu nzima wakairekodi kwa takriban siku moja. Gitaa lake la Stratocaster likaleta hitilafu mle studioni, akachukua Gibson SG aliyokuwa nayo ya akiba, na SG imekuwa gitaa lake tangu hapo. Ikatoka 13 Februari 1970. Kabla mwaka haujaisha wakatoa Paranoid, ikashika namba moja Uingereza.

La tatu ndilo nalipenda zaidi. Waimbaji walikuja na kuondoka. Ozzy alifukuzwa 1979, akaja Ronnie James Dio, wakatoa Heaven and Hell 1980, na baadaye wengine wengi. Katika historia yote ya Black Sabbath aliyekuwepo mwanzo hadi mwisho bila kukosa ni mtu mmoja, yule aliyeambiwa asahau gitaa. Mwaka 2012 akapatikana na saratani ya limfu. Akawa anatibiwa huku wanarekodi, wakipanga ratiba kufuata matibabu yake. Albamu hiyo, 13, ilitoka 2013 ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Ziara ya mwisho waliifunga nyumbani, Birmingham, 4 Februari 2017.

Kisha tarehe 5 Julai 2025 wale wanne wa mwanzo wakapanda jukwaani pamoja kwa mara ya mwisho uwanja wa Villa Park, huko huko Aston walikokulia. Metallica, Slayer, Pantera na Guns N' Roses walikuja kuwapigia, na mapato yakaenda kwa misaada, ikiwemo hospitali ya watoto ya Birmingham. Ozzy aliimba akiwa ameketi, ugonjwa wa Parkinson umemchosha. Alifariki tarehe 22 mwezi huo huo. Iommi alikuwa na miaka 77 usiku ule, subana vidoleni, na gitaa lake halikuyumba.

Na matunda yake hayako Uingereza peke yake. Botswana kuna mashabiki wa metali wanaovaa ngozi kutoka juu hadi chini kwenye jua lile. Nairobi wawili wa bendi ya Duma walitoa albamu yao mwaka 2020, ikasikilizwa mpaka Ulaya. Kijana wa Malindi anayepiga metali hayuko peke yake.

KaziKwanza

Nimesoma. Bado nasema afuatilie fidia. Lakini gitaa naondoa neno langu, lisiuzwe.

BintiMuyeye

Mnunuzi nimempigia, ameelewa. Mjomba hajabadilika hata kidogo, ila nimemwambia mama lile la ustadh kuhusu mwiba, akauliza, "Ni nani aliyelisema?" Nikamwonyesha. Kesho tunakwenda kuuliza habari ya fomu.

Swali la mwisho ni lake tena: gitaa ni la umeme, umbo la Stratocaster, lina nyuzi za unene wa 11. Anunue zipi, na alegeze kiasi gani?

ChumaLangoni

Aanze na seti ya 9. Kuna hadi za 8 na Iommi mwenyewe hutumia nyembamba za namna hiyo, lakini kwa anayebana kwa nguvu bila kuhisi, 8 zitakatika na zitampotoka sauti. Alegeze nusu-toni moja kwanza, nyuzi zote sita, akae hapo mpaka mkono uzoee. Akishuka mpaka toni moja na nusu na seti ya 9, nyuzi zitagonga shingo na kupiga kelele. Ikifika hapo shingo irekebishwe kwa ile skrubu ya ndani, robo mzunguko tu, na asubiri hadi kesho yake kabla ya kugusa tena. Ajue pia kwenye Stratocaster urefu wa uzi unaotetema ni inchi 25.5 na kwenye SG ni 24.75, kwa hiyo kwenye SG nyuzi zile zile ni laini kidogo. Siku akipata uwezo wa kubadilisha gitaa, atafute lenye urefu mfupi wa uzi.

Malindi huenda asipate seti ya 9. Mombasa zipo kwenye maduka ya ala za muziki. Nina mtu anasafiri kutoka huko Alhamisi kuja Lamu kwa basi, anapita Malindi. Nitamwambia anunue seti mbili aziache kwenye ofisi ya basi kwa jina lako. Nitumie tu namba ya simu kwa faragha.